Aliyewageuza Wagonjwa Saa Nane

Alhamisi saa nne asubuhi Inspekta alirudi wodi namba nne, na kabla hajamsalimia mtu alisimama mlangoni akahesabu vitanda. Vilikuwa thelathini na viwili, safu nne za vitanda vinane. Vyote vilikuwa na watu isipokuwa cha saba, kilichozungushiwa pazia na utepe wa polisi.

Alikuwa amewahi kuingia wodi nyingi kwa kazi yake, lakini hakuna iliyokuwa kimya kama hii. Ilikuwa wodi ya wanaume waliovunjika uti wa mgongo, waliopooza kwa kiharusi, waliovunjika nyonga na mapaja. Kwingine watu hujigeuza, vitanda hulia, shuka huvutwa. Hapa kila mtu alikuwa amelala vile vile alivyolazwa. Macho tu ndiyo yaliyomfuata tangu mlangoni mpaka mezani kwa wauguzi, jozi thelathini na moja.

"Afande," Koplo alinong'ona nyuma yake, "mimi kesi za wafu sina uzoefu nazo. Walio hai wananitosha."

"Shika daftari," Inspekta akamjibu.

Aliyekufa walimwita Fundi. Alikuwa fundi wa paa, umri wake miaka thelathini na minne, aliyeteleza juu ya nyumba ya watu akavunjika shingo. Alilala kitanda cha saba wiki tatu, amevalishwa kola ngumu ya shingo. Wiki ya tatu vidole vya mkono wa kulia vikaanza kucheza. Jumanne asubuhi daktari alimwambia mbele ya wodi nzima kwamba mfupa unaanza kushika. Jumanne hiyo hiyo, saa nane na dakika ishirini mchana, Sista wa zamu alimkuta amekufa.

Taarifa ya daktari wa mochwari ilikuwa fupi. Pingili ya nne ya shingo ilikuwa imeteleza na pumzi ikakatika. Hapakuwa na jeraha, alama ya vidole wala dalili ya kupigana. Kuna mtu alikuwa amemgeuza ubavu bila mtu mwingine kushika kichwa. Mgonjwa wa aina ile hugeuzwa na watu wanne, mmoja kichwani, na wote husogea kwa hesabu ya mmoja huyo, ili mwili uzunguke kama gogo, isiwepo sehemu inayotangulia nyingine.

Kilichomleta Inspekta, badala ya suala zima kumalizwa na wakubwa wa hospitali ndani kwa ndani, kilikuwa karatasi ya kugeuza iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Kila baada ya saa mbili anayemgeuza mgonjwa huandika saa, ubavu na saini yake. Mstari wa mwisho wa Fundi ulisema saa nane, ubavu wa kulia. Saini yake ilikuwa herufi mbili zilizofungwa kwa kitanzi.

Saini ile kila mtu hospitalini aliijua. Ilikuwa ya Bibi Sista, aliyeiongoza wodi ile miaka ishirini na sita. Miezi minane iliyopita alianguka mezani kwake, kalamu mkononi, na akazikwa kabla ya siku mbili kupita. Picha yake ilikuwa imetundikwa ukutani, katikati ya kitanda cha saba na cha nane, amevaa kofia nyeupe, hacheki.

Jumatano yote Inspekta na Koplo walikuwa wamepekua karatasi za miezi minane. Saini ya marehemu ilionekana zaidi ya mara elfu moja, ilianza wiki mbili tu baada ya mazishi yake, na kila mara ilikuwa saa nane mchana. Saa hiyo wodi hubaki na muuguzi mmoja, na huyo mmoja mara nyingi yuko chini kwenye stoo ya dawa.

Wa kwanza kuhojiwa Alhamisi hiyo alikuwa Sista wa zamu, mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisema Jumanne alishuka kuchukua dawa saa saba na nusu, akapanda saa nane na dakika ishirini. Mtu wa stoo alikuwa amekwisha kuthibitisha hayo, na hata daftari la stoo lilionyesha muda. Inspekta, ambaye usiku uliopita aliamini Sista ndiye aliyemgeuza Fundi peke yake kwa haraka ya kazi, ilimbidi aiweke fikra hiyo pembeni.

Kuhusu saini, Sista alisema hajui. Watu wanaogopa, alisema. Wahudumu wawili wameomba uhamisho.

"Na wewe? Huogopi?"

"Mimi nina wagonjwa thelathini na mmoja, Inspekta. Nafasi ya kuogopa ningeipata wapi."

Kisha Inspekta akawaendea wagonjwa wenyewe. Hapo ndipo Koplo alipoanza kuandika kwa mwandiko mdogo, kana kwamba hakutaka karatasi isikie. Mmoja baada ya mwingine walisimulia jambo lile lile. Saa nane, wodi ikishatulia, husikika maji yakidondoka. Tone, kimya, tone. Hakuna kishindo cha viatu. Halafu mkono wa baridi unashika bega, mwingine unashika nyonga, na mtu anajikuta amegeuka, mgongo uliokuwa unawaka unapata hewa. Harufu ni ya sabuni. Mwenye mikono hasemi neno.

Mgonjwa wa kitanda cha kwanza, kondakta wa zamani aliyepooza kuanzia kiunoni, ndiye aliyesema waziwazi.

"Umewahi kumwona uso?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi nawekwa nikitazama ukuta, mama. Nauona ukuta. Kama ni mzimu, basi una mikono mizuri kuliko walio hai. Usije ukatufukuzia."

Inspekta alimwomba Sista amwonyeshe migongo. Sista alifunua shuka moja moja, na Inspekta akainama kuangalia viuno, visigino na mabega, mahali ambapo mfupa unagandamiza ngozi na nyama inaoza mtu akiachwa ubavu mmoja. Wagonjwa kumi na wawili walikuwa hawajawahi kujigeuza wenyewe tangu waingie, na katika wote hao hakuona kidonda hata kimoja. Alishuka wodi namba tano kwa dakika chache. Kule wauguzi ni watatu mchana, na harufu ya vidonda ilimpokea mlangoni.

Aliporudi alisimama mbele ya picha ya marehemu, mikono nyuma.

"Unawaza nini, afande?" Koplo aliuliza.

"Kwamba mtu huyu ni hodari," Inspekta alisema. "Na hodari hamgeuzi mwenye shingo iliyovunjika bila kushikiwa kichwa. Kuna kitu kilimdanganya."

Jibu la hilo lilitoka kwa mtu asiyeweza kujibu. Kitanda kinachotazamana na cha saba alilala mzee aliyekuwa karani wa mahakama. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, kikamfutia maneno yote, kikamwachia moja tu. Akiomba maji husema kesho. Akikasirika husema kesho. Wodi nzima ilimwita Mzee Kesho, naye alikuwa ameshazoea. Sista alieleza kwamba akili yake ni nzima na anaelewa kila unachomwambia, ila mlango wa kutolea ndio umefungwa.

Inspekta alivuta kigoda akakaa. Alimwambia mzee kwamba atamuuliza maswali ya ndiyo na hapana, na kwamba ndiyo ni kufumba macho mara moja. Alimuuliza kama Jumanne saa nane alikuwa macho. Mzee akafumba. Alimuuliza kama alimwona aliyemgeuza Fundi. Mzee akamtazama tu bila kupepesa, muda mrefu, mpaka Koplo akakohoa.

"Hataki," Koplo alisema.

"Basi mzee, acha mtu. Kuna kitu kingine ulikiona?"

Macho yakafumba. Mkono wa kushoto ukanyanyuka polepole, ukaelekea ukutani, ng'ambo, juu ya kitanda cha saba.

"Kesho," mzee alisema.

Koplo alirudi nyuma hatua moja. "Anaonyesha picha."

Inspekta alivuka, akagusa fremu ya picha. Mzee akakunja uso na kusema kesho kwa ukali kama anayemkemea karani mdogo. Kando ya picha zilikuwa kadi mbili zilizopigiliwa misumari, moja juu ya kila kitanda. Juu ya cha saba ilikuwa nyekundu, juu ya cha nane kijani. Sista alikuwa ameshamweleza asubuhi maana yake. Kijani, mtu mmoja anayejua kazi anaweza kumgeuza. Nyekundu, asiguswe bila watu wanne. Inspekta akaweka kidole juu ya nyekundu.

"Kesho, kesho," mzee akasema, safari hii kwa upole, na mkono wake ukaanza kwenda kulia na kurudi kushoto, kulia na kushoto, mpaka ukachoka ukaanguka juu ya shuka.

Inspekta alibaki pale pale. Alitazama kadi, akatazama sakafu, mwisho akatazama dari. Juu kabisa ya mto wa kitanda cha saba palikuwa na doa la kahawia lenye kingo mbichi.

"Jumanne mvua ilinyesha?"

"Kuanzia saa tano asubuhi mpaka alasiri, afande. Nililowa mimi."

Akaingia ndani ya pazia. Kitanda kilikuwa hakijaguswa tangu utepe ufungwe. Polisi wa zamu alikizungushia utepe Jumanne saa kumi jioni. Inspekta aliinua mto, akaunusa, akauminya. Akapitisha kiganja juu ya foronya, juu ya shuka, chini ya godoro. Palikuwa pakavu popote, hapana doa wala harufu ya uvundo. Chini, kwenye saruji, palikuwa na alama ya duara ya beseni lililokaa muda mrefu likipokea maji.

"Beseni," alimwambia Koplo, "liliwekwa hapa chini. Sasa niambie, kama kitanda kilikuwa hapa, beseni lingepokeaje maji?"

Koplo alitazama dari, akatazama beseni lisilokuwepo. "Kitanda hakikuwa hapa."

"Ndiyo anachosema mzee."

Alimfuata Sista kwenye chumba kidogo cha wauguzi, akafunga mlango. Aliweka mezani karatasi ya Fundi, na kando yake ripoti aliyoiandika Sista kwa mkono wake siku ya kifo. Hakupandisha sauti. Alimwonyesha namba nane. Watu wengi huiandika kwa mviringo mmoja unaojikata katikati. Kwenye ripoti ya Sista nane zote zilikuwa duara mbili, moja imekalishwa juu ya nyingine. Nane za marehemu, kwenye karatasi za miaka ya nyuma, ziliandikwa kwa mzunguko mmoja. Nane za miezi hii minane zilikuwa duara mbili.

"Saini umeiiga vizuri sana," Inspekta alisema. "Namba hukuikumbuka."

Sista alikaa. Alivua kofia yake akaiweka magotini, akaanza kuongea akiitazama kofia.

Alisema miezi minane iliyopita, siku aliyokabidhiwa wodi, alipanda kutoka stoo akakuta wagonjwa wote wa kadi za kijani wamegeuzwa, shuka zimenyooshwa, mito iko katikati ya magoti. Alijua ni nani, lakini alinyamaza, kwa sababu mtu huyo hakuwa na ruhusa, na ofisi ikijua itamfukuza. Lakini ofisi hiyo hiyo hukusanya karatasi kila Ijumaa, na mstari mtupu ni barua ya onyo. Hakutaka kuandika jina lake kwenye kazi ya mikono ya mwingine. Akaandika la aliyemfundisha mwenye mikono hiyo.

"Nilijiambia si uongo mkubwa. Bibi Sista ndiye aliyemfundisha. Ni kama yeye aliyekuja."

Jumanne, saa tano na nusu, maji yalianza kumdondokea Fundi usoni. Sista alimwita mbeba machela, wakavisogeza vitanda viwili kwa magurudumu, Fundi akaenda mahali pa cha nane, na babu wa kitanda cha nane, mzee kiziwi aliyepooza miguu, akasogezwa katikati ya wodi, mbele ya nafasi ya saba, miguu upande wa ukuta ili maji yasimfikie. Beseni likawekwa. Alikuwa amenyoosha mkono kuchomoa kadi ndipo simu ya mezani ikalia, mgonjwa mpya analetwa, tayarisha kitanda. Kadi zikabaki ukutani. Saa nane ya Fundi ilikuwa zamu ya kugeuzwa na watu wanne. Watu wanne hawakupatikana, akasema moyoni atamgeuza akirudi kutoka stoo.

"Uliporudi?"

"Nilianza kitanda cha kwanza, kama kawaida. Naona amegeuzwa, naandika. Naona amegeuzwa, naandika. Nimefika kwa Fundi, amelala ubavu, nimeandika." Vidole vyake viliikunja kofia. "Nilisaini kabla sijamtazama usoni."

Maiti ilipopelekwa mochwari na watu wakatawanyika, alivirudisha vitanda peke yake. Nyekundu ikarudi juu ya Fundi. Alipoulizwa kwa nini, alisema alitaka ionekane kadi haikukosewa. Alisikia wahudumu wakinong'ona habari za mzimu, na akawaacha wanong'one.

"Mtu anayewageuza ni nani?"

"Nimekwambia yangu yote, Inspekta. Ya mwingine usiniulize."

Inspekta hakumuuliza. Alitoka, akamwambia Koplo avue viatu na kulala kwenye kitanda cha kuchunguzia wagonjwa, karibu na mlango, na ajilegeze kama mtu aliyepooza. Koplo, mtu wa kilo tisini na ushee, alisema katika miaka kumi na tisa ya upolisi hii ndiyo amri ya kwanza kuipenda.

Wanaoingia wodini saa nane ni watatu: mbeba machela, mama anayekusanya sahani, na mfagizi. Inspekta aliwaita mmoja mmoja na kuwaomba wamgeuze Koplo ubavu. Mbeba machela alimvuta mkono kama anayeshusha gunia, Koplo akaguna. Mama wa sahani alicheka mpaka akashika ukuta, akasema hawezi kumshika askari, mumewe atasikia.

Mfagizi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amevuka hamsini, ambaye kila mtu alimwita Mama Ndoo. Alifika na ndoo yake na tambara la deki. Mlangoni alivua mabuti ya mpira, kama alivyozoea sakafu ikiwa imelowa, akaja miguu mitupu, maji yakidondoka kutoka kwenye ncha za vidole. Tone, kimya, tone. Kitanda cha kwanza, kondakta wa zamani alifumba macho.

Inspekta alimwomba kama alivyowaomba wenzake. Mama Ndoo alimtazama Koplo, akatazama mlango, na ingawa pengine alitaka kujifanya hajui, mikono yake haikumsubiri. Iliukunja mguu wa Koplo gotini, ikauvusha mkono wake kifuani, ikaikamata shuka karibu na bega na nyonga. Koplo alijikuta anatazama ukuta kabla hajapumua. Kisha, bila kuambiwa, mwanamke yule aliweka mto katikati ya magoti, akanyoosha mikunjo ya shuka mgongoni kwa kiganja, mara mbili.

Hapo ndipo alipoinua macho akakuta kila mtu anamtazama. Alikaa chini sakafuni, palepale aliposimama.

"Ni mimi," alisema. "Msimsumbue Sista."

Inspekta naye alikaa, kwenye kigoda, ili wasitazamane kwa mmoja kuwa juu. Mama Ndoo alieleza kwamba miaka tisa iliyopita mume wake alilala wodi hii, mgongo umevunjika, na hakuuawa na mgongo bali na kidonda cha kulala ambacho ungeweza kuingiza ngumi. Baada ya mazishi Bibi Sista alimtafutia kazi ya kufagia, na mchana wagonjwa wakitulia akamfundisha kugeuza, akamfundisha na rangi, kwa kuwa kusoma hakujui. Alimwapisha kwamba nyekundu haigusi hata mgonjwa akilia. Miaka tisa hakuigusa. Bibi Sista alipokufa, alikuwa anapiga deki na kusikia watu wanaugua kwa sauti za chini, akashindwa kupita.

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilikuta Fundi yuko pale dirishani, chini ya kijani. Asubuhi nilimsikia daktari anamsifu. Nikasema Mungu mkubwa, amepandishwa. Nikafurahi. Kola niliiona, ndiyo, lakini kadi ilikuwa kijani, mama. Akaniambia mabega yanawaka, nimgeuze kidogo tu."

Inspekta alikuwa anataka kuuliza swali jingine alipohisi kuna mtu nyuma yake. Mlangoni palisimama mwanamke kijana mwenye kitenge cheusi na mfuko mtupu mkononi. Alikuwa mke wa Fundi, amekuja kuchukua vitu vya mume wake, na kwa jinsi alivyoushikilia mfuko ule ilikuwa wazi kwamba amesikia.

Saa ya ukutani ilisoma saa nane kasoro dakika mbili. Kutoka kitanda cha kumi na mbili, mwendesha pikipiki aliyevunjika mgongo wiki iliyotangulia alianza kuguna, kwanza polepole, halafu kwa kukatisha pumzi. Juu yake kadi ilikuwa nyekundu.

Sista alitoka chumbani kwake. Kofia ilikuwa imerudi kichwani, imekunjamana. Alimtazama Inspekta kama mtu anayeomba ruhusa.

"Unahitaji watu wanne," Inspekta alisema.

"Mbeba machela ameitwa chumba cha upasuaji. Nipo mimi, kichwani."

Inspekta alivua koti, akanawa mpaka viwiko. Koplo akavaa viatu, akanawa. Wakawa watatu. Mama Ndoo alibaki sakafuni, mikono ameificha chini ya aproni, na hakuna aliyemwita. Mwendesha pikipiki aliguna tena.

Mke wa Fundi aliweka mfuko wake juu ya meza.

"Nyonga nitashika mimi," alisema. "Mlinifundisha wenyewe, ili nije nimgeuze nyumbani."

Walijipanga. Sista alikiweka kichwa cha yule kijana katikati ya viganja vyake, mikono imelala kando ya shingo mpaka mabegani. Koplo mabegani, mke wa Fundi nyongani, Inspekta miguuni. Sista alisema atahesabu tatu na kwamba asitangulie mtu. Inspekta aliona vidole vya mjane yule vimekamata shuka sawasawa, kucha zimekuwa nyeupe. Moja. Mbili. Kwa tatu mwili wote ulizunguka pamoja, mzito, mzima, na kijana akashusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka vitanda vya mbali.

Baada yake walikuwa wengine watatu wa nyekundu. Waliwageuza wote, wanne wale wale, bila kuongea zaidi ya hesabu. Walipomaliza Inspekta alimwambia Sista kwamba atabaki na wagonjwa mpaka wa kumpokea afike, kisha aje kituoni mwenyewe kuandika maelezo, na kwamba kuvirudisha vitanda ndilo litakalomtia mashakani kuliko kadi. Sista alisema anajua. Mama Ndoo angeondoka nao sasa hivi.

Koplo alimshika Mama Ndoo kiwiko kumwinua. Mke wa Fundi akawazuilia njia. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

"Alisema nini?" alimuuliza Mama Ndoo. "Ulipomgeuza. Mwisho kabisa."

Mama Ndoo alimtazama Inspekta, kama hajui swali hili linajibiwa kwa nani. Inspekta akatikisa kichwa kukubali.

"Alisema, hapo. Hapo hapo, asante. Akafumba macho. Nikajua amepata usingizi, nikaenda kwa mwingine. Nilinyata, mwanangu, nisimwamshe."

Mjane alimsogelea hatua moja.

"Alikuwa ametazama wapi?"

"Dirishani. Nilimgeuzia dirishani, aione njia."

Dirisha la mwisho wa safu lilitazama uwanja wa hospitali. Njia ya changarawe ilipanda kutoka lango kuu, na kila siku saa tisa wenye wagonjwa waliipanda kwa mguu. Saa hizi walikuwa wameanza kukusanyika nje ya lango, wadogo kwa umbali, vifurushi mikononi. Mke wa Fundi alikwenda akasimama mahali pa kitanda cha nane, akageuza kichwa upande wa kulia, akatazama nje.

"Basi alikuwa ananingoja," alisema.

Akaenda kitanda cha saba, akaingia ndani ya pazia, akaanza kukunja shuka zake.